Kupata wenzako wa kusikilizana Bukavu, daktari peke yake akiwa hatoshi

Bukavu haikosi watu wa kukaa nao. Kuna shirika la kartye, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, kuna kwaya, kuna AVEC ya Jumatano ya kuweka akiba na kukopeshana, kuna likelemba ya sokoni, mchango wa kupokezana, kuna wamama wa chumba cha maombi. Panapokosekana ni mahali ambapo mtu atasema "tangu mtoto wangu afe silali" asijibiwe kwa mstari wa Biblia, asiambiwe "jikaze", na neno lake lisimtangulie kufika nyumbani. Mwongozo huu ni wa kutafuta mahali pa namna hiyo, au kupatengeneza na watu sita saba pasipokuwepo.

Hatuandiki haya ili kumtoa mtu kwa daktari. SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili cha Bukavu kinachoendeshwa na Frères de la Charité, kina kazi yake, kama Tulizo Letu kule Goma na Joseph Guislain kule Lubumbashi. Lakini wenye mawazo yanayowalemea ni wengi kuliko wanaohitaji kulazwa, na wengi wao hutulizwa zaidi na mtu aliyepita njia ileile. Jambo hili limepimwa. Harare, kuanzia 2006, Dokta Dixon Chibanda alifundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare kukaa na wenye huzuni kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita walioketi na wasikilizaji wa benchi walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa kwetu Kivu, utafiti wa 2013 uliwafuata wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono: waliopitia tiba yenye kikao kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kikundi walipata nafuu kubwa kuliko waliosaidiwa mmoja mmoja tu, na walioongoza walikuwa wasaidizi wa kijamii wa hapahapa. Ila wasaidizi hao, na wale bibi pia, walifundishwa na walikuwa na wasimamizi. Kikundi cha majirani hakifikii hapo, na kikijidai kinatibu ndipo kinapoanza kuumiza watu.

Nani aanzie kwingine

Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyekaa siku kadhaa bila usingizi huku ana nguvu za ajabu na maneno hayafuatani, aanzie SOSAME au kituo cha afya. Akishatulia, kikundi kitamfaa sana, hasa kumsaidia asiache vidonge. Mwenye kifafa vilevile: kwetu kifafa husingiziwa majini au ulozi, kumbe ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa, na hakuna kikao kinachozuia mtu kuanguka.

Pombe ina mtego wake. Anayekunywa kasiksi au kanyanga tangu asubuhi, ambaye mikono inatetemeka mpaka apate glasi ya kwanza, asiache ghafla kwa sababu kikundi kimempigia makofi. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kati ya siku ya pili na ya nne, na hali hiyo inaua. Apitie kwa muuguzi kwanza, wapange pamoja siku ya kuacha.

Aliyebakwa juzi hana muda wa kutafuta kikundi. Dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Za kuzuia mimba zinawezekana hadi saa 120, nazo hupungua nguvu kila saa inayopita. Aende hospitali ya Panzi au kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kumsimulia mtu yeyote asiyemhitaji kwa safari hiyo. Kusikilizwa kutakuja baadaye, na bado kutakuwa na maana.

Pa kuanzia kutafuta

Kituo cha afya cha kartye ndicho mlango wa kwanza, hata kama hujawahi kufikiri kwamba wana habari za moyo. Usiende Jumatatu asubuhi wala siku ya chanjo, maana hakuna atakayekuwa na masikio. Mwombe muuguzi mkuu, yule wanayemwita IT, akuambie kama kituo kina APS, yaani msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, na anakuwepo siku gani. Huhitaji kueleza shida yako kwenye korido. Inatosha kusema: "Natafuta kikundi cha watu wanaosaidiana kwa mambo ya mawazo. Nani anaweza kunielekeza?" Ukimpata APS, muulize mambo manne: nani anaongoza, ni wanawake na wanaume pamoja au la, nini kinaandikwa kwenye daftari, na kama kuna malipo.

Pili ni nyumba za kusikiliza, zile tunazoziita maison d'écoute. Nyingi zilianzishwa kwa ajili ya wanawake waliobakwa, na hapo ndipo penye tatizo: jirani akikuona unaingia, keshakuandikia historia. Dawa yake ni kuvuka. Mtu wa Bagira aende Kadutu, wa Kadutu aende Ibanda. Nauli inauma, lakini inauma kidogo kuliko maneno ya avenyu.

Kuna mahali watu hawapahesabu: kwenye benchi la kusubiri siku ya kuchukua dawa. Garde-malade, yaani watunzaji wa wagonjwa, wanaoleta ndugu zao kila mwezi wanajuana kwa sura, wanajua nani hulala na nani huvunja vyombo, wanajua ni dawa gani inamfanya mtu kuwa mzito asubuhi. Hakuna aliyewaita kikundi, lakini ndicho. Kama unamtunza mwenye ugonjwa wa akili, anza kwa kumsalimia yule mnayekutana naye kila mara na kuuliza, "Mama, wa kwenu anaendeleaje?" Mara ya tatu mtakuwa mnabadilishana namba.

Watu wanaoishi na VVU ndio wenye uzoefu mrefu zaidi wa mambo haya nchini. Wamekaa miaka mingi wakishikana mkono juu ya dawa, aibu na siri, kwa hiyo hata kama shida yako ni nyingine kabisa, waombe viongozi wao wakuonyeshe wanavyoendesha kikao. Wataweza kukuonya kuhusu makosa ambayo sisi wengine tunayavumbua upya kila mwaka.

Shirika na kanisa vinataka jicho la karibu. Wapo mapadri, wachungaji na wamama wa kanisa wanaojua kukaa kimya na mtu mwenye uchungu, na hao ni hazina. Wapo pia wanaotaka kila jambo liishie kwenye ushuhuda mbele ya watu mia tatu. Mtu akikuomba usimulie yako hadharani kabla hujayasema faraghani hata mara moja, kataa kwa heshima. Na anayekuambia utupe vidonge ili imani yako ionekane, huyo usirudi kwake. Maombi na dawa vinakaa nyumba moja bila kugombana.

Kwa wanaume tunashauri njia nyingine kabisa. Ukimwita mwanaume wa Bukavu aje akae kwenye duara la viti aeleze moyo wake, atakuja mara moja kwa adabu, mara ya pili atakuwa na kazi. Wanaume huzungumza wakiwa ubavu kwa ubavu, macho yakitazama kitu kingine: kwenye meza ya damu, ule mchezo wa kete, wakingoja abiria pale moto, yaani pikipiki za abiria, zinapoegeshwa, wakipanda mlima Jumapili alfajiri. Kwa hiyo usitafute kikao. Tafuta shughuli ya kila wiki yenye wanaume wawili watatu wasio walevi wala wachongezi, na uwe wa kwanza kusema sentensi moja ya kweli. "Tangu tutoke kule kijijini usiku nashtuka sana." Kisha endelea kucheza. Jibu linaweza kuja wiki mbili baadaye.

Pima kabla ya kufungua mdomo

Ukipata kikundi, kaa vikao viwili ukisikiliza tu. Kikundi kinachokulazimisha kuongea siku ya kwanza hakifai. Tazama kama wanamzungumzia aliyekosa kuja, na kwa sauti gani. Tazama kama mtu mmoja anakula nusu ya muda. Angalia kama simu ziko juu. Halafu fanya jaribio dogo: sema jambo la kweli lisilo na uzito, kwa mfano kwamba umegombana na shemeji juu ya shamba. Likikurudia sokoni kabla ya wiki kwisha, umejua ulichotaka kujua kwa bei nafuu.

Shirika la misaada likifika na kamera, una haki ya kukataa picha na bado ukabaki kwenye kikundi. Ukiambiwa kwamba bila picha hakuna nafasi, nafasi hiyo si ya kwako.

Ukikosa kikundi, anza na mmoja

Mtu mmoja aliyechaguliwa vizuri anazidi duara la watu kumi. Asiwe ndugu anayeishi nawe, asiwe unayemdai wala anayekudai, na awe mtu aliyewahi kukuficha jambo la mwingine. Mtu anayekusimulia siri za wenzake anakuonyesha atakavyozitendea zako.

Kosa la kawaida ni kumwaga yote bila kumwandaa mwenzako. Yeye ataona anaombwa pesa au suluhisho, na ataogopa. Sema unachotaka kabla ya kuanza, kwa lugha ya nyumbani, ambapo "yaya" ni dada au kaka mkubwa:

"Yaya, niko na mawazo mingi inanilemea. Siko naomba falanga wala shauri. Unisikilize tu dakika ishirini, kisha nami nitakusikiliza."

Kisha mshike saa kwelikweli. Mmoja anasema dakika ishirini, mwingine hasemi neno ila "ndiyo" na "endelea"; halafu mnabadilishana. Mwishoni kila mmoja anamuuliza mwenzake, "Kuna kitu unataka nikifanye, au inatosha?" Swali hilo huondoa mashauri tisa kati ya kumi. Kutaneni siku ileile kila wiki. Mkiacha iwe "tukipata nafasi", mtaonana kwenye kilio tu.

Kuanzisha chenu

Idadi nzuri ni sita hadi kumi. Wakiwa wanne, wawili wakikosa hakuna kikao. Wakipita kumi na wawili, wanyamavu hawatapata zamu yao. Waalike kumi, saba watakuja. Wawe na jambo moja linalofanana: wajane, wazazi waliofiwa, waliokimbia vijiji vyao, wanaotunza mgonjwa. Wanawake peke yao na wanaume peke yao ndivyo ilivyokuwa kwenye utafiti wa Uganda uliochapishwa 2003, vijiji 30 vya kusini, kikao kimoja cha dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, na hatuoni sababu ya kubadili kipimo hicho. Msichanganye mama mkwe na mkaza mwana, mwajiri na mfanyakazi, mdai na mdaiwa.

Kuhusu mahali, sikilizeni kuta kabla ya kuangalia viti. Nyumba ya mbao ya Kadutu inapitisha kila neno kwa mpangaji wa jirani. Darasa la shule baada ya masomo ni bora, au chumba cha parokia chenye mlango unaofungwa. Kuna pia suala la mvua, ambayo kwetu inatawala kuanzia Septemba hadi Mei. Ikianza kupiga mabati, mwenye sauti ya chini ndiye wa kwanza kunyamaza, na mara nyingi ndiye aliyekuwa amejipa moyo kuanza kusema. Msimwambie apaze sauti. Sogezeni viti hadi magoti yakaribiane, au subirini kimya, na mvua ikipungua mmoja amwambie, "Mama, ulikuwa umefika pale kwenye safari." Akiona mlikumbuka sentensi yake, ataendelea.

Saa kumi hadi kumi na moja na nusu jioni inawafaa wengi, maana giza halijaingia na watu hawategemei umeme wa SNEL. Jumamosi asubuhi haifai, kuna salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Mjulisheni mkuu wa avenyu, hasa tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025: watu wanane wasiojulikana wakiingia nyumba moja kila wiki, mtaa utazungumza. Mwambieni ni kikundi cha kufarijiana, mwambieni siku na saa. Orodha ya majina msimpe, kwa sababu msiwe nayo. Hesabu ya vichwa inatosha.

Makubaliano yawe machache yanayosemwa kwa sauti kila kikao, hata wiki ya kumi na mbili. Ya humu yanabaki humu. Hakuna kushauri asiyeomba shauri. Mtu anaruhusiwa kunyamaza. Kabila, siasa na nani yuko upande gani havijadiliwi. Simu zinazimwa na kuwekwa kwenye kikapu katikati. Na siri ina mpaka mmoja, ambao wote waujue tangu siku ya kwanza: maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto anaumizwa, viongozi wawili watatafuta msaada, na watamwambia mhusika kwamba wanafanya hivyo.

Dakika 90 zigawanywe hivi. Kumi za kukaa, kunywa maji na kurudia makubaliano. Kumi na tano za mzunguko, kila mtu sentensi mbili: wiki yangu ilikuwaje, na leo nahitaji zamu au niko sawa. Arobaini na tano kwa watu watatu waliosema wanahitaji, robo saa kila mmoja: kumi za kusema, tano za kujibiwa, na anayejibu aanze na "mimi nilifanya", asianze na "wewe ungefanya". Kumi za kila mtu kutaja kitu kimoja kidogo atakachofanya kabla ya wiki ijayo, kama kwenda kuchukua dawa au kumpigia dada simu. Kumi za mwisho ni za kushuka: nyayo zikandamize sakafu, pumzi ndani kwa kuhesabu tatu na nje kwa kuhesabu tatu, kisha wimbo mmoja wanaoujua wote. Msiziruke hizo hata muda ukiwaishia. Mtu akitolewa nje machozi yakiwa bado yanatiririka, hatarudi, na njiani moto zinapita.

Vikao vitatu au vinne vya mwanzo msiguse mambo mazito. Tiba ya kijamii iliyoanza Byumba, Rwanda, mwaka 2005, ina hatua sita kwa mpangilio: usalama, kuaminiana, kujaliana, heshima, mwelekeo mpya wa maisha, ndipo kumbukumbu. Kumbukumbu ni ya mwisho. Vikundi vingi vya kwetu huanza nayo, kwa mazoea ya ushuhuda, na wiki ya tatu viti vinabaki vitupu.

Hadithi ya kina inaweza kuwaangusha wengine waliopitia kitu kama hicho. Anayeongoza aikate kwa upole: "Dada, tunakuamini. Tuambie ilikuachaje, si lazima utuambie ilifanyikaje." Akiona mtu ametoa macho, haitikii jina lake, yuko mbali, asimshike ghafla, amwite polepole, amwambie aguse kiti, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani. Machozi ya kawaida hayahitaji hayo. Tumezoea kumwambia anayelia "nyamaza mama, nyamaza", kama kwenye kilio, na yeye hunyamaza kweli, pamoja na alichotaka kusema. Acheni dakika moja ipite.

Halafu mashindano ya majonzi. "Wewe umefiwa na mmoja, mimi watatu." Hayo yakianza, kiongozi asipime nani ana haki, arudi kwa aliyekuwa kwenye zamu na kumwomba amalize.

Pesa

Tumeona vikundi vikivunjika kwa sababu nyingi, lakini pesa huvunja vingi kuliko umbea, na huingia ikiwa imevaa nguo za wema.

Sura ya kwanza ni pesa ya transpoti. Miaka ya miradi imetuzoesha kwamba ukiitwa kukaa kwenye kiti, utaondoka na falanga na soda. Kikundi kikianza kwa kugawa transpoti, siku ya kwanza watakuja ishirini, na mfadhili akiondoka hatabaki hata mwenye ufunguo. Semeni tangu mwaliko: hakuna transpoti, hakuna soda. Watakaokuja ni wachache na ndio wenyewe. Sababu hiyohiyo inawataka wajumbe wakae umbali wa kutembea kwa miguu.

Sura ya pili ni likelemba. Wiki ya nne mtu atasema, "Kwa kuwa tunakutana kila wiki, kwa nini tusichange kidogo?" Wazo zuri, mahali pabaya. Aliyekosa mchango ataona aibu kuja, na wiki aliyokosa mchango ndiyo wiki aliyohitaji kusikilizwa. Hata chai ya kuchangiana inafanya kazi hiyohiyo ya kuwafukuza. Maji yanatosha. Wakitaka kuweka akiba, iwe siku nyingine, sanduku lingine, daftari lingine, na baada ya mzunguko mzima kwisha. Hata kule Zimbabwe watu humaliza kwanza vikao vya benchi, kisha hujiunga na miduara ambapo hufuma mifuko ya plastiki ya kuuza huku wakiendelea kuzungumza.

Sura ya tatu ni mkopo wa siri kati ya wajumbe wawili. Huwezi kuuzuia kabisa. Unachoweza ni kuufanya usiwe wa siri: anayetaka kumkopesha mwenzake kikundini amwambie kiongozi mmoja, na mmoja kati yao akae nje ya zamu mpaka deni liishe.

Simu

Simu ya Bukavu si ya mtu mmoja. Mume anaisoma, mtoto anachezea, na njiani mtu mwenye bunduki anaweza kuitaka. Kikundi cha WhatsApp kinaonyesha namba za wajumbe wote kwa kila mmoja, kwa hiyo wasiotaka kujulikana wasiingizwe. Kiongozi awatumie mmoja mmoja. Washeni jumbe zinazojifuta, WhatsApp ina saa 24, siku 7 na siku 90, na saa 24 ndiyo tunayoipenda. Jina la kikundi liwe la kawaida, "Mapishi" au "Kwaya ya Alhamisi". Huko pawe pa siku, saa na "nimefika salama" tu. Uchungu usitumwe kwa sauti iliyorekodiwa, maana mwenzako ataifungua akiwa ndani ya basi. Aliyezidiwa aandike neno moja mlilokubaliana, na mmoja ampigie.

Mtu akisema anataka kufa

Muulize waziwazi: "Yaya, unawaza kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo, mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Kisha uliza kwa njia gani, lini, na kama kitu hicho kiko nyumbani. Akiwa na njia na siku, asilale peke yake usiku huo. Wawili wapokezane. Dawa ya panya, ya wadudu na vidonge vyote vitoke ndani ya nyumba; vidonge anavyotumia kila siku abaki navyo ndugu mmoja, ampe kipimo cha siku. Asubuhi asindikizwe SOSAME au kituo cha afya. Asielekezwe tu njia.

Kama tayari amekunywa kitu, hospitali sasa hivi, pamoja na chupa au karatasi ya dawa. Msimpe maziwa, mafuta wala msimtapishe. Vidonge vya parasetamoli vinadanganya: siku ya kwanza mtu anaweza kuonekana mzima huku ini linaharibika, kwa hiyo apelekwe hata akisema hajisikii kitu.

Usimwambie ni dhambi. Analijua hilo, na ndilo limemfanya anyamaze mpaka leo. Usiahidi kutunza siri hii. Kila kikundi kiwe na namba tatu kabla ya wiki ya kwanza: mtu mwenye nafasi ya kumlaza mgeni, APS au muuguzi anayepokea simu, na dereva wa moto anayekubali kutoka usiku. Hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, itafuteni mapema.

Anayeongoza

Wawe wawili siku zote: mmoja anaongoza, mwingine anatazama nyuso na saa, na wiki ijayo wanabadilishana. Mwanya kati yao ukifunguka, kikundi hugawanyika ndani ya siku chache, basi wakae dakika kumi peke yao baada ya kila kikao waulizane nini kiliwauma. Mara moja kwa mwezi wamtafute APS kwa saa moja wamweleze yaliyowashinda, bila majina. Kiongozi aliyeanza kukosa usingizi kwa hadithi za wengine, au anayekuja akitamani wasije, apumzike wiki tatu na kukaa kwenye kiti cha kawaida.

Wiki ya 16 mfunge mzunguko hata kama mambo yanakwenda vizuri. Kila mmoja aseme kama anabaki au anaondoka, na wageni waingie mwanzo wa mzunguko mpya tu. Akiingia mmoja katikati, wote hurudi kuzungumzia hali ya hewa kwa wiki mbili. Kabla ya hapo zitakuwepo siku za mvua, za milio ya risasi, za kilio kartye nzima. Wakija wawili tu, fanyeni kikao cha wawili, dakika ishirini kila mmoja, kisha wapigieni wasiofika, mkianza na aliyekosa mara mbili mfululizo.